Upepo wa milango na madirisha: namna ya kuziba baridi bila kuzuia hewa

Katika miji na vijiji vya nyanda za juu za Maziwa Makuu, baridi ya usiku haiingii ndani kupitia kuta peke yake. Huingia zaidi kupitia mianya midogo chini ya milango, pembeni mwa madirisha na kwenye maungio ya fremu na ukuta. Kuiziba mianya hiyo ni kazi ambayo kaya nyingi zinaweza kuifanya kwa vifaa vinavyopatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Hata hivyo, nyumba ina matundu mengine ambayo hayapaswi kuzibwa kamwe, na asiyejua tofauti yake huhatarisha maisha ya watu waliolala ndani.

Makala hii inaeleza jinsi upepo unavyoingia, jinsi ya kuutafuta, namna ya kutengeneza aina mbalimbali za milango na madirisha, na mipaka ambayo usalama unaiweka.

Kwa nini nyumba za nyanda za juu hupoa

Kwa wastani, joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzijoto 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Ndiyo maana Bujumbura, iliyo kando ya Ziwa Tanganyika kwenye mwinuko wa takriban mita 800, huwa na usiku wa joto, ilhali watu wa Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, kwenye takriban mita 2,000, hulala na blanketi mwaka mzima. Musanze, kaskazini mwa Rwanda, uko kwenye mita 1,850 hivi. Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, iko karibu na mita 1,500. Na Njombe, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, unakaribia mita 2,000. Katika miezi ya Juni na Julai, anga huwa wazi usiku, ardhi hupoteza joto haraka, na hewa baridi huteremka kutoka vilimani na kutuama mabondeni ambako ndiko makazi mengi yaliko.

Nyumba nyingi za maeneo haya zilijengwa kwa michoro ileile inayotumika katika miji ya joto: madirisha ya vioo vya luva, milango isiyo na kizingiti, paa la bati lisilo na dari, na uwazi kati ya ukuta na paa. Michoro hiyo ilikusudiwa kupitisha upepo. Katika mji wa joto ni faida. Katika mji wa baridi ndiyo chanzo cha malalamiko ya kila usiku.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu makazi na afya, uliotolewa mwaka 2018, unataja nyuzijoto 18 kuwa kiwango salama cha chini cha joto ndani ya nyumba katika maeneo yenye majira ya baridi. Wanaoumia zaidi na baridi ya ndani ni watoto wachanga, wazee, na watu wenye pumu au magonjwa ya moyo. Mtoto aliyezaliwa hawezi kujitunzia joto lake kama mtu mzima, na ndiyo sababu shirika hilo hushauri kwamba chumba cha kujifungulia kiwe na nyuzijoto zisizopungua 25 na kisipitishe upepo.

Upepo huingiaje?

Hewa hupita kwenye mwanya kwa nguvu mbili. Ya kwanza ni upepo wenyewe: ukipiga upande mmja wa nyumba, husukuma hewa iingie upande huo na kuifyonza itoke upande wa pili. Nguvu ya pili hufanya kazi hata usiku usio na upepo wowote. Hewa ya ndani, iliyopashwa joto na miili ya watu na mapishi, ni nyepesi kuliko ya nje. Hupanda juu na kutoka kwenye mianya ya paa, na nafasi yake huchukuliwa na hewa baridi inayoingia chini ya mlango. Kwa hiyo mtu anayehisi ubaridi miguuni akiwa ameketi sebuleni huenda tatizo lake liko pia juu ya kichwa chake.

Ukubwa wa mianya huwadanganya wengi kwa sababu ni myembamba na imetawanyika. Mlango wenye upana wa sentimeta 90 ukiacha nafasi ya sentimeta 2 chini yake, uwazi huo ni sentimeta za mraba 180. Mlango huohuo ukiwa na urefu wa mita 2, na ukiachana na miimo na kizingiti cha juu kwa milimeta 3 tu pande zote tatu, huongeza sentimeta za mraba 147 nyingine. Jumla yake ni sawa na tundu la mraba lenye upande wa sentimeta 18. Hakuna mwenye nyumba ambaye angevumilia tundu la ukubwa huo katikati ya mlango wake, lakini likinyooshwa na kuzunguka ukingoni, huishi nalo miaka mingi.

Kuitafuta mianya

Kabla ya kununua chochote, inafaa kuikagua nyumba yote. Wakati mzuri ni jioni yenye upepo, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Njia nne zinatosha.

Ya kwanza ni moshi. Kijiti cha udi au ubani huwashwa na kupitishwa polepole kando ya fremu. Moshi ukipanda wima, mahali pale ni pazima. Ukiyumba au ukivutwa, hapo pana mwanya. Mapazia yaondolewe kwanza ili yasishike moto.

Ya pili ni mkono uliolowa maji. Ngozi yenye unyevu huhisi mpito mdogo wa hewa ambao mkono mkavu hauutambui.

Ya tatu ni tochi. Usiku, mtu mmoja husimama nje na kumulika ukingo wa mlango au dirisha, na mwingine hubaki ndani gizani. Kila mahali mwanga unapopenya, hewa nayo hupenya.

Ya nne ni karatasi. Ukanda wa karatasi huwekwa kati ya dirisha na fremu yake, kisha dirisha likafungwa. Karatasi ikivutika bila upinzani wowote, dirisha halikazi mahali hapo. Jaribio hili lirudiwe kila baada ya sentimeta 30 kuzunguka dirisha lote, na kila penye kasoro pawekewe alama ya chaki.

Milango: kutengeneza kwanza, kuziba baadaye

Kosa la kawaida ni kubandika ukanda wa mpira kwenye mlango uliopinda au uliolegea. Mpira hauwezi kurekebisha kasoro ya fundi seremala. Mlango ulioshuka upande wa kitasa kwa kawaida huwa na bawaba ya juu iliyolegea. Skrubu zake hufunguliwa, matundu yake hujazwa njiti za mbao zilizochovywa kwenye gundi ya mbao, gundi ikikauka njiti hukatwa zilingane na uso wa mwimo, na skrubu hurudishwa. Mbao za mwimo zikiwa zimechoka, skrubu ndefu zaidi hutumika. Mara nyingi kazi hii peke yake huusawazisha mlango.

Hatua inayofuata ni kutazama kama mlango unakaa barabara kwenye miimo ukiwa umekomewa. Ukichezacheza, kipande cha chuma kinachopokea ulimi wa kitasa husogezwa kidogo kuelekea upande ambao mlango unagota, ili ukifungwa ubanwe. Pale mlango unapokwama, palainishwe kwa randa au msasa, kisha papakwe rangi; mbao isiyopakwa rangi hunywa maji wakati wa masika, ikavimba, kisha ikasinyaa kiangazi na kuacha mwanya mpya.

Baada ya hapo ndipo ukanda wa kuzibia huwekwa. Dukani kuna aina mbili kuu zenye gundi upande mmoja. Ukanda wa sponji ni wa bei nafuu na hukubali nafasi zisizo sawa, lakini hubonyea na kuchakaa mapema. Ukanda wa mpira mweusi wenye tundu katikati hudumu zaidi na hurejea umbo lake mlango unapofunguliwa. Unene wake upimwe kabla ya kununua: donge dogo la udongo wa mfinyanzi lililofungwa kwa nailoni hubanwa kati ya mlango na mwimo, na unene linaobaki nao ndio upana wa mwanya. Ukanda uwe mnene kidogo kupita kipimo hicho. Ukizidi sana, mlango hautafungika, na bawaba zitalegea tena.

Mahali pa kubandika pasafishwe kwa maji ya sabuni, pakauke kabisa, na pafutwe kwa spiriti. Gundi haishiki kwenye vumbi, mafuta au rangi inayobanduka.

Nafasi ya chini ya mlango

Chini ya mlango ndipo penye faida kubwa kwa gharama ndogo. Dukani hupatikana vipande vya alumini vyenye brashi au ulimi wa mpira, ambavyo hukatwa kwa kipimo cha mlango na kufungwa kwa skrubu. Brashi hufaa sakafu isiyo sawa. Mpira hufaa sakafu laini.

Asiye na uwezo wa kununua anaweza kutumia mpira wa ndani wa baiskeli uliotupwa. Hukatwa kwa urefu, ukakunjuliwa, ukakunjwa mara mbili, na kupigiliwa kwenye sehemu ya chini ya mlango, upande ambao mlango unafungukia, chini ya ubao mwembamba unaoushikilia moja kwa moja. Ukingo wake uguse sakafu bila kuikwaruza kwa nguvu.

Mlango wa nje unahitaji kizingiti. Kizingiti cha saruji au mbao ngumu chenye kimo cha sentimeta 2 hadi 3 huupa mlango mahali pa kugota, na pia huzuia maji ya mvua na wadudu. Penye mzee au mtu mwenye ulemavu, kizingiti kiinamishwe pande zote mbili ili kisimkwaze. Kwa upande wa nje, ubao ulioinama, wenye mfereji mdogo chini yake, hupigiliwa karibu na ukingo wa chini wa mlango. Mvua inayotiririka juu ya mlango hudondokea mbali na kizingiti badala ya kuingia ndani.

Milango ya vyumba vya ndani haihitaji kuzibwa hivyo. Nafasi ndogo chini yake huacha hewa izunguke nyumbani, na kuziba mlango wa nje peke yake kunatosha.

Madirisha, kila aina na dawa yake

Dirisha la mbao huharibika kwa namna ileile ya mlango, na hutengenezwa kwa namna ileile. Zaidi ya hayo, puti inayoshikilia kioo hukauka na kupasuka baada ya miaka. Puti iliyolegea hutolewa kwa tindo, mahali pake pakapakwa rangi ya kwanza ili mbao isifyonze mafuta, kisha puti mpya ikawekwa na kusawazishwa kwa mteremko wa kumwaga maji. Ikishika, ipakwe rangi itakayogusa kioo kidogo, kwa sababu ukingo huo wa rangi ndio unaozuia maji. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo msasa utumike ukiwa umeloweshwa, watoto wakiwa mbali, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiliwa.

Dirisha la chuma limetapakaa katika nyumba za mijini, na kasoro yake kubwa ni kutu na matabaka ya rangi. Kila rangi inayoongezwa kwenye ukingo hulifanya dirisha lisifunge hadi mwisho. Kutu na rangi nene zikwanguliwe hadi kwenye chuma, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, na bawaba zitiwe mafuta. Chuma huwa kimepinda kidogo, hivyo ukanda wa kununua hauenei pande zote kwa usawa. Mafundi hutumia silikoni kutengeneza mpira unaolingana na mwanya wenyewe. Mstari wa silikoni huwekwa kwenye fremu iliyosafishwa. Ukingo wa dirisha unaokutana nao hupakwa maji ya sabuni ili usigandamane. Kisha dirisha hufungwa taratibu bila kukazwa na kuachwa hivyo kwa siku nzima au zaidi. Likifunguliwa, silikoni hubaki kwenye fremu ikiwa na umbo kamili la mwanya.

Dirisha la alumini la kusukuma hutegemea brashi nyembamba zilizopachikwa kwenye ukingo wake. Baada ya miaka kadhaa brashi hizo hulala na kujaa vumbi, na upepo hupita. Brashi mpya huuzwa kwa mita. Ya zamani huvutwa nje ya mfereji wake na mpya ikaingizwa. Magurudumu ya chini nayo yakiisha, dirisha hukaa upande, hivyo yakaguliwe. Kwenye reli ya chini kuna vitundu vidogo vinavyoelekea nje. Hivyo ni vya kutolea maji ya mvua na visizibwe, kwani maji yakikosa njia hufurika sebuleni.

Dirisha la luva ndilo gumu kuliko yote. Vioo vyake hulaliana bila kubanana, na hakuna ukanda unaoweza kuvikaza vyote. Kwanza vioo vilivyovunjika virudishiwe, na vishikio vya chuma vilivyopanuka vibanwe kwa koleo ili kila kioo kilale sawa. Baridi ikizidi, karatasi nzito ya nailoni inayopitisha mwanga inaweza kutandazwa kwenye fremu nyepesi ya mbao na kupachikwa kwa ndani wakati wa kiangazi cha baridi, kisha ikaondolewa masika yanapoanza. Wavu wa mbu hauzuii upepo, na fremu hiyo haichukui nafasi yake. Mwenye nyumba anayepanga ukarabati mkubwa afikirie kubadilisha luva za vyumba vya kulala kwanza, na kuziacha za jikoni na chooni, ambako zinahitajika.

Pazia zito lenye kitambaa cha pili kwa nyuma husaidia dirisha la aina yoyote, mradi lifike chini ya kizingiti cha dirisha na liguse ukuta pembeni. Pazia linaloning'inia mbali na ukuta huacha hewa baridi iteremke nyuma yake hadi sakafuni.

Maungio ya fremu, ukuta na paa

Mara nyingi upepo unaodhaniwa kutoka dirishani hutoka kati ya fremu na ukuta. Plasta hupasuka hapo kwa sababu mbao, chuma na tofali hutanuka kwa viwango tofauti. Ufa mpana kuliko sentimeta 1 hujazwa mchanganyiko wa saruji na mchanga baada ya kuloweshwa maji. Ufa mwembamba hujazwa silikoni au kizibio cha akriliki. Silikoni haipakiki rangi, kwa hiyo hufaa upande wa nje. Akriliki hupakika, na hufaa ndani.

Goma, ambako nyumba nyingi ni za mbao zilizosimamishwa juu ya mawe ya volkano, mianya iko kati ya ubao na ubao. Vipande vyembamba vya mbao hupigiliwa juu ya kila ungio kwa nje, na kila kipande kipigiliwe kwenye ubao mmoja tu kati ya mbao zile mbili. Zikisinyaa au kuvimba, kipande huteleza bila kupasuka.

Juu, dari ndiyo kinga kubwa. Hata dari ya mikeka au kitambaa cha turubai huzuia hewa ya joto isifike kwenye bati, na hupunguza matone. Familia ya watu wanne hutoa karibu lita moja ya maji kwa pumzi na jasho katika usiku mmoja. Mvuke huo hugandamana kwenye bati baridi na kudondoka alfajiri. Wanaodhani paa linavuja ilhali mvua haikunyesha, huwa wanaona pumzi zao wenyewe.

Matundu yasiyozibwa

Juu ya madirisha ya nyumba nyingi kuna matundu ya hewa yaliyojengwa kwa matofali au saruji. Hayo si kasoro ya fundi. Kila chumba cha kulala kinahitaji njia ya kudumu ya kuingiza na kutoa hewa, na matundu ya juu huifanya kazi hiyo bila kumpiga mtu upepo kitandani. Badala ya kuyajaza matambara, yawekewe wavu wa mbu.

Sababu ya kwanza ni unyevu. Nyumba iliyozibwa kabisa huota ukungu kwenye kuta na nguo, na ukungu huchochea pumu. Sababu ya pili ni magonjwa ya hewa. Vimelea vya kifua kikuu husafiri hewani kutoka kwa mgonjwa anayekohoa, na hewa safi huvipunguza. Nyumba yenye mgonjwa wa kifua kikuu inahitaji madirisha yafunguliwe kila siku hata kama ni msimu wa baridi. Mgonjwa avae nguo za joto badala ya kufungiwa chumbani.

Kuhusu mbu, uwazi kati ya ukuta na paa ni mlango mkuu wa mbu wa malaria, na hapo kuziba kunafaa. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 katika jarida la kitabibu la Lancet ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa wavu milangoni na madirishani na kuzibwa uwazi wa paa ziliingiwa na mbu wachache kwa zaidi ya nusu, na watoto wachache zaidi walikutwa na upungufu wa damu. Lakini uwazi huo ukizibwa katika nyumba ambamo chakula hupikwa ndani, moshi hukosa pa kutokea. Jiko lihamishwe kwanza, paa lizibwe baadaye.

Magharibi mwa Goma kuna tahadhari ya pekee. Katika baadhi ya mabonde ya huko hutoka ardhini gesi ya kaboni dioksidi, ambayo wenyeji huiita mazuku. Ni nzito kuliko hewa na hutuama mahali pa chini. Anayeishi karibu na sehemu zinazojulikana kuwa na mazuku asizibe matundu ya chini ya nyumba yake, na asilaze mtu kwenye chumba kilichochimbwa chini ya usawa wa ardhi.

Jiko la makaa na nyumba iliyozibwa

Hatari kubwa kuliko zote hutokea pale nyumba iliyozibwa vizuri inapoingizwa jiko la makaa ili kupasha joto. Jiko hilo, liitwalo imbabura nchini Rwanda na Burundi, sigiri nchini Uganda na mbabula katika sehemu za Kongo, huonekana salama makaa yakishawaka mekundu, kwa sababu halitoi moshi tena. Ukweli ni kinyume. Makaa yasiyo na moshi huendelea kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikivutwa, hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa hewa ingawa mtu anaendelea kupumua.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu. Zinafanana na mafua au chakula kibaya, na aliyelala huenda asizisikie kabisa. Alama ya kutilia shaka ni watu kadhaa wa nyumba moja kuumwa kichwa kwa wakati mmoja, na kupata nafuu wakitoka nje.

Mambo mengine yanayoaminiwa hayaokoi. Beseni la maji kando ya jiko haliiondoi gesi hii. Kulala kitandani badala ya sakafuni hakusaidii, kwa kuwa uzito wake unakaribia ule wa hewa na huenea chumba kizima. Kufunika makaa kwa majivu huyafanya yaungue polepole tu, huku gesi ikiendelea kutoka. Jenereta nayo hutoa gesi hiyohiyo. Isiwashwe ndani, wala barazani karibu na dirisha.

Anayemkuta mtu amezimia katika chumba chenye jiko afungue milango, amtoe nje mara moja bila yeye mwenyewe kukawia ndani, kisha aombe msaada wa kumfikisha hospitali penye oksijeni. Kama hapumui, aanze kusaidiwa kupumua. Wahudumu waelezwe kwamba palikuwa na jiko, kwa sababu kifaa cha kawaida cha kupima oksijeni kwenye kidole hakitofautishi gesi hii na oksijeni, na kinaweza kuonyesha kwamba mgonjwa hana tatizo.

Moshi wa kila siku nao hudhuru kwa polepole. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020.

Kwa mtoto mchanga, joto salama zaidi usiku wa baridi ni kifua cha mama au baba: mtoto akae ngozi kwa ngozi, kichwa kikiwa kimevikwa kofia, na blanketi likiwafunika wote wawili mama akiwa macho. Hilo halina gesi, na halihitaji kununuliwa.

Nyumba ya kupanga

Mpangaji hana ruhusa ya kubadilisha fremu, lakini ana mengi ya kufanya bila kuharibu chochote. Mfuko mrefu wa kitambaa uliojazwa mchanga au maganda ya mpunga, ukiwekwa chini ya mlango usiku, huziba karibu sawa na ubao. Pazia zito, ukanda wa mpira wa kubandika na fremu ya nailoni huondoka pamoja naye akihama. Bawaba zilizolegea, vioo vilivyovunjika na nyufa za ukuta ni wajibu wa mwenye nyumba katika mapatano mengi ya upangaji; inafaa kumjulisha kwa maandishi, kwa heshima, kabla ya msimu wa baridi kuanza.

Mahali pa kuanzia

Kwa kaya yenye fedha kidogo, mpangilio huu huleta nafuu mapema: kwanza jiko litolewe nje ya vyumba vya kulala na matundu ya juu yakaguliwe kwamba yako wazi, pili, nafasi ya chini ya mlango wa nje izibwe, tatu, bawaba na makomeo yakazwe, nne, vioo vilivyokosekana virudishiwe, tano, kingo za madirisha ya vyumba vya kulala ziwekewe ukanda, sita, nyufa za fremu na ukuta zijazwe, mwisho, dari. Kila hatua ikikamilika, jaribio la moshi wa udi lirudiwe. Siku ambayo moshi utapanda wima kando ya milango na madirisha yote, na bado ukavutwa taratibu kuelekea matundu ya juu, nyumba hiyo itakuwa imezibwa inavyopaswa.